Nambari Moja

Zloti mia nane na kumi. Nimezihesabu mara tatu
kitandani, mlango nimeufunga.
Hazikuzaa.
Ni za majira mawili ya baridi nikifunga mikate
kwa shangazi Wisława,
unga ukiingia hadi kwenye nyuzi za gitaa.

Ijumaa tunapiga kelele chini ya kiwanda kilichokufa,
kuta zikitoka jasho.
Jumamosi ni harusi: wazee wanataka polka,
bibi harusi anataka kulia.
Jumapili padri ananiinamia sikioni:
Bogna, binti yangu, laini. Laini zaidi.
Siku tatu, mimi watatu,
na fedha ya amplifaya moja.

Mzee Hieronim anauza vyombo chini ya daraja la reli.
Treni ikipita, ngoma zote dukani huitikia
kabla yeye hajaitikia salamu yako.
Vidole vyake vina makovu ya lehemu.
"Una kiasi gani?"
Nikadanganya, nikasema mia saba.
"Basi una mia nane," akasema, akaenda kuwasha taa ya nyuma.

Ya kwanza ilikuwa ya valvu, nyeusi kama jeneza la tajiri.
Tuliingoja ipate moto, kama chai.
Ilipofungua kinywa nikasahau nimekuja kununua.
Kisha nikajaribu kuinyanyua. Kilo ishirini na mbili.
Nakaa ghorofa ya nne, na lifti yetu
ilikufa kabla sijazaliwa.
Nikaitua polepole,
kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto.

Ya pili, mpya, vitufe kama chumba cha rubani,
sauti mia moja na ishirini ndani yake:
pango, kanisa, bati, hata mvua.
Nilizipitia karibu zote. Kila moja ilimwigiza mtu fulani,
hakuna iliyonijua mimi.
Mtaka yote hukosa yote, wanasema;
sasa mimi nifanyeje, nami kweli nayataka yote?

Ya tatu alikuwa ameikalia.
Kitambaa cha mbele kimechanika,
kishikio ni mkanda wa suruali,
vitufe vitano, kimoja kinakoroma ukikigusa.
"Hii? Hii ni kiti."

Nikafanya jambo ambalo wateja hawalifanyi.
Zote tatu nikazishusha hadi nambari moja,
kwa sababu mama hutoka zamu alfajiri
na hulala mchana, ukuta mmoja na kitanda changu.
Ile kubwa ikanuna kama bwana aliyeudhiwa.
Ile ya mia na ishirini ikawa mbu ndani ya chupa.
Kiti kikasema.
Hakikusema kwa nguvu. Kiliitaja noti kwa jina lake
kikaiacha hewani mpaka ilipochoka yenyewe.
Nikakipandisha hadi saba, kikakwaruza, kikauma:
hiyo Ijumaa.
Tatu, na mwangwi kidogo wa springi: Jumapili.
Jumamosi tutaitafuta huko mbele.

"Mia nane na arobaini."
"Kwa kiti?"
"Kwa kiti changu. Mimi nitakaa wapi?"
Nikamwachia vyote, nauli ya tramu ikiwemo,
na mkate wa rai uliokuwa chakula changu cha mchana,
na ahadi ya stuli ya jikoni kwetu.
Akaniazima ubao wa mjukuu wake wa kuteleza thelujini.
Nikaivuta amplifaya mjini kwa kamba;
watoto wakauliza kama ni mbwa.

Ghorofa nne, nikipumzika kila ngazi ya sita.
Mama amelala. Nambari moja.
Sijamaliza hata mstari wa kwanza,
Bi Kunegunda wa chini akaligonga bomba la joto:
mbili, kimya, moja.
Mbili, kimya, moja.
Sikujua kama ni hasira au ni kipimo.
Nikakaa juu ya kitanda, viatu bado vimelowa,
nikamfuata.